Majina yapi yasomwe Tabora tarehe 25 Julai?

Mwalimu_Ipuli (Tabora)

Wazee wangu shikamooni, na wenzangu wote salamu kwenu.

Ninafundisha Historia katika shule moja ya sekondari hapa mjini Tabora. Naleta swali ambalo limetugawa walimu, wazee wa mtaa na hata wanafunzi wenyewe, huku tarehe ikizidi kukaribia.

Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, haimo katika sikukuu zetu za mapumziko, kwa hiyo kengele ya shule hugongwa kama kawaida na vipindi huendelea. Yanayofanyika kitaifa watoto huyaona jioni katika taarifa ya habari: gwaride la maombolezo, Rais akiweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi akiweka sime, kiongozi wa mabalozi akiweka shada la maua, meya akiweka upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vitani akiweka shoka. Huwaona pia viongozi wa dini wakiomba dua na sala kwa zamu. Kesho yake huja darasani na maswali mazuri sana, na linalojirudia kila mwaka ni hili: mashujaa hao ni akina nani hasa, na je, wa kwetu wamo?

Mwaka huu uongozi wa shule umeturuhusu kuitumia paredi ya asubuhi ya siku hiyo, pamoja na wazee wa mtaa, kuwakumbuka watu wa Tabora waliokufa vitani kwa kuyasoma majina yao kwa sauti, moja baada ya jingine. Tuliwaagiza wanafunzi waulize nyumbani kwao. Tulitarajia majina ya vita vya Kagera, na kweli yalikuja, ya askari wa JWTZ na ya mgambo walioitwa mwaka 1978 wakaunganishwa na jeshi. Lakini madaftari mengine yalirudi na majina ambayo hatukuyatarajia. Msichana mmoja wa kidato cha tatu ameandika jina la babu wa babu yake, mpagazi aliyechukuliwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaondoka na msafara kuelekea kusini na asirudi. Pembeni ya jina ameandika kwa penseli: "Kaburi halijulikani. Mkewe alimngoja." Mwingine ameleta jina la askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, aliyefia Burma katika Vita Kuu ya Pili. Yupo aliyemwandika mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye mwezi Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake, alilipua ghala la baruti kuliko kutekwa. Na yupo aliyemwandika askari wa jeshi la Wajerumani aliyeuawa katika mapigano ya Tabora ya Septemba 1916.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Upande mmoja unasema siku hii ni ya waliokufa kwa ajili ya Tanzania, na nchi yenye jina hilo haikuwapo kabla ya mwaka 1964. Upande wa pili unasema mji wetu wenyewe ulikuwa uwanja wa vita, kwamba Wabelgiji na askari wao kutoka Kongo, chini ya Jenerali Charles Tombeur, waliingia hapa tarehe 19 Septemba 1916, na kwamba mpaka leo uko mtaa mjini Brussels unaoitwa Tabora kwa kumbukumbu ya ushindi ule. Wao wamelihifadhi jina la mji wetu kwa ajili ya wafu wao. Sisi wafu wetu wa vita hivyohivyo hatuna hata ubao wao.

Naomba mawazo ya watu waliokomaa katika jambo hili. Majina yapi yasomwe, na yasomwe kwa utaratibu gani, ili tusiwavunjie heshima waliokufa wala familia zao?

Mstaafu_Urambo (Urambo)

Marahaba mwalimu, na mwangaluka kwa wote wa nyumbani. Umeuliza jambo zito, nami nitalijibu kama mtu aliyekuwapo katika moja ya vita hivyo.

Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na kujitangazia kwamba eneo lote lililo kaskazini ya mto ni la Uganda, jeshi letu katika kanda nzima ya magharibi lilikuwa dogo. Brigedi iliyokuwa na dhamana ya kanda hiyo ilikuwa ya 202, yenye makao yake Tabora. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa, akasema kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Kesho yake daraja la Kyaka lilivunjwa na wavamizi. Baada ya hapo ndipo wito wa mgambo ulipofika vijijini. Jeshi ambalo halikuwa limefika watu 40,000 lilipanuka katika miezi michache likawa na zaidi ya 100,000, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilikuwa ni mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT, watu ambao mwezi mmoja kabla walikuwa shambani.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Tuliondokea stesheni ya Tabora kwa behewa za mizigo kwenda Mwanza, na kutoka Mwanza tukavuka kwa meli mpaka Bukoba. Akina mama walikuwa wamejipanga kando ya reli wakiturushia mihogo ya kuchemsha na karanga zilizofungwa kwenye vitambaa. Pale stesheni nilifahamiana na kijana wa Kaliua aliyekuwa mrinaji wa asali, na tokea hapo tulikuwa kikosi kimoja. Tulivuka mpaka wa Mutukula mwezi Januari 1979, Masaka ikachukuliwa mwezi Februari, na usiku wa tarehe 10 Machi tulikuwa Lukaya, mahali ambapo barabara ya kwenda Kampala inapita juu ya tuta, kinamasi huku na kinamasi huku, na mtu hana pa kukimbilia. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walikuwa upande wa mbele yetu. Buti la mwenzangu lilikuwa limeachama soli, akalifunga kwa kamba ya mgomba aliyoichuna njiani, na nakumbuka alivyokuwa akiikaza kamba ile kwa meno kwa sababu mikono ilikuwa imeshika bunduki. Hakuiona asubuhi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilikuwa mikononi mwetu, na kufikia mwanzoni mwa Juni vikosi vyetu vilikuwa vimefika mpaka wa Sudan. Waganda walitupokea kwa jina la wakombozi.

Waliokufa hawakuachwa huko. Walirudishwa nyumbani na kuzikwa Kaboya, wilayani Muleba, na mnara mweupe uliopo pale umeandikwa majina yao. Mwaka 1979 Mwalimu Nyerere mwenyewe na viongozi wenzake walikwenda pale kutoa heshima. Ndiyo maana nasema, mwalimu, kwamba siku hii ina wenyewe. Aliyetumwa na taifa lake kuilinda mipaka yake, akafa, analidai taifa hilo deni la kumkumbuka kwa siku maalumu. Mpagazi wa mwaka 1916 alibebeshwa mzigo wa ugomvi usiokuwa wake. Namlilia, lakini simwiti kwa jina lilelile ninalomwita yule wa Kaliua. Mtafutieni siku yake. Nchi nyingi duniani huwakumbuka waliokufa katika vita vile tarehe 11 Novemba, nanyi mnaweza kuwasoma siku hiyo bila kumpunguzia mtu yeyote heshima yake.

Bin_Ujiji (Kigoma)

Shikamoo mzee wangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na ulivyoeleza usiku wa Lukaya nitawasomea watoto wangu. Pamoja na heshima hiyo naomba nitofautiane nawe kuhusu wapagazi, kwa sababu kwetu Kigoma jambo hili tunaliona kila siku likielea majini.

Meli ya Liemba, ambayo wengi wenu mnaifahamu, ililetwa na Wajerumani ikiwa vipandevipande ndani ya makreti, ikashushwa Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikaunganishwa hapa kwetu na kushushwa majini mwezi Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Waingereza nao walileta boti mbili, Mimi na Toutou, kwa kupitia Afrika Kusini na misitu ya Katanga, zikivutwa nchi kavu na mamia ya watu waliozitengenezea njia. Kwa boti hizo waliiteka Kingani, boti ya Wajerumani, mwezi Desemba 1915, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe tarehe 26 Julai 1916, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta mazito ili isioze. Siku mbili baadaye Kigoma ikachukuliwa. Mwaka 1924 Waingereza waliinyanyua kutoka chini ya ziwa, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba.

Fikirini basi. Chuma kilipakwa mafuta kisioze, kikafuatwa chini ya maji, kikakarabatiwa na kupewa jina jipya, na vitabu vimeandikwa juu yake katika lugha nyingi. Waliobeba makreti, waliochanja kuni za boila na waliobeba risasi na unga kwa ajili ya mabaharia wale hawana hata orodha. Mwaka huohuo wa 1927 lilizinduliwa sanamu la Askari pale Dar es Salaam, ambalo maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Wametajwa, ndiyo, lakini hakuna jina hata moja la mtu.

Na walikuwa wengi. Nchi yetu ilijaa mbung'o, na ng'ombe, punda na farasi walikufa kabla ya kufika popote, kwa hiyo kila kilichokwenda vitani kilikwenda juu ya kichwa au bega la mtu, kilo 25 na zaidi, majuma kwa majuma. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kufikia 95,000, na wengi wao waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na uchovu kuliko risasi. Wajerumani walichukua wao, Wabelgiji wakachukua wao. Wanyamwezi, ambao tangu enzi za misafara ya pembe walisifika kwa kazi hiyo, walitafutwa na kila jeshi lililopita. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwa miongoni mwa sababu. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Kwa hiyo mzee wangu, ukisema wasomwe tarehe 11 Novemba, unawarudisha kwa walewale waliowachukua kisha wakaacha kuwaandika. Tarehe hiyo ni ya mabwana wa vita vile. Mpagazi hana taifa jingine la kumkumbuka ila hili lililokuja kuzaliwa juu ya mifupa yake. Shujaa wa Kagera ana mnara wenye jina lake, na hatapungukiwa na kitu akisomwa siku moja na mtu asiye na kaburi.

Jambo moja nalitenga, na mwalimu asilifumbie macho. Askari wa jeshi la Wajerumani siyo sawa na mpagazi. Wengi wao walikuwa watu wetu, ndiyo, Wanyamwezi na Wasukuma wakiwamo, lakini walikuwa na mshahara, na ndio waliotumwa kuingia vijijini kunyang'anya chakula na kuwakamata hao wapagazi. Kabla ya hapo, wakati wa Majimaji, jeshi hilohilo lilichoma maghala ya nafaka kusini mpaka watu wakafa kwa njaa kwa makumi ya maelfu. Ukiwasoma kwa pumzi moja, mtoto ataelewa nini?

Mama_Chemchem (Tabora)

Wazee shikamooni. Mwalimu, mimi nitaacha mjadala wa nani aingie, kwa kuwa mnaujadili vizuri, niseme juu ya kusoma kwenyewe.

Baba yangu alikwenda Kagera na hakurudi. Mama alibaki na shamba la tumbaku na watoto, katika ile miezi ambayo serikali ilitutaka tufunge mikanda, sabuni na sukari vikawa vya kupanga foleni. Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda Kaboya. Nilimkuta kwenye mnara, lakini kwa majina mawili ambayo hapa nyumbani hayakutumika, kwa sababu jeshini aliandikishwa kwa jina la ubatizo na la babu yake. Nyumbani aliitwa kwa jina la ukoo wa mama yake, na ndilo lililo midomoni mwa watu mpaka leo. Kama mngesoma lile la kwenye mnara peke yake, shangazi zangu wangesimama hapo paredini wakimsubiri ndugu yao mpaka mwisho bila kujua kwamba ameshasomwa. Kwa hiyo someni yote mawili, la jeshini na la nyumbani.

La pili, nendeni kwa familia kabla, na msimwachie mwanafunzi peke yake kazi hiyo. Ziko nyumba ambazo marehemu aliacha wake wawili wasiosemezana, na jina likitoka upande mmoja, upande wa pili utasikia kwamba umeporwa. Ziko pia nyumba ambazo mtu hakuletewa barua ya kifo wala hakuonekana Kaboya. Kwa watu hao neno "marehemu" ni kidonda. Mama mmoja jirani yetu aliishi miaka mingi bila kukubali mwanawe afanyiwe arobaini, akisema hajaambiwa na yeyote kwamba amekufa. Kwa mtu wa namna hiyo semeni "aliyekwenda na hakurudi", na itakuwa kweli tupu.

Na dua iwe mwanzoni, sala iwe mwanzoni, kabla ya majina, ili kila familia isikie ya kwake watu wakiwa bado wametulia. Mkiiweka mwisho, jua litakuwa limekwisha kupanda na watoto wameanza kuzungumza.

Kijana_wa_Nzega (Nzega)

Shikamooni wote. Naongeza dogo tu. Msiishie mwaka 1979. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu saba waliuawa Darfur wakiwa walinda amani, na tarehe 7 Desemba 2017 zaidi ya kumi waliuawa Semuliki, mashariki ya Kongo, kambi yao iliposhambuliwa usiku. Wazazi wao wako hai, na baadhi ya watoto wao wako katika shule zetu wakiwa na umri wa wanafunzi wa mwalimu. Kwa mtoto wa namna hiyo jambo hili si somo la Historia hata kidogo, na nadhani ni vema aulizwe faraghani kama anataka jina la baba yake lisomwe na nani, au angependa alisome mwenyewe.

Mstaafu_Urambo (Urambo)

Nawashukuru. Bin Ujiji, umeijenga hoja yako kwa adabu na ina uzito. Sikubali kwamba tarehe 11 Novemba ni ya mabwana peke yao, kwa kuwa mfu hana bwana. Lakini hilo la mnara nalikubali: yule wa Kaliua ana jina lake Kaboya, nami nimelishika kwa vidole vyangu. Kama mwalimu ataamua wapagazi wasomwe siku hiyo, mimi nitakuwapo na nitasimama mpaka mwisho. Ninachoomba ni kwamba watu wasichanganywe. Kila kundi lisomwe peke yake, na kabla ya kila kundi aseme mtu, kwa sentensi mbili tatu, ni nani aliyewachukua, waliambiwa wanakwenda kufanya nini, na walifia wapi. Mtoto akisikia "waliitwa na nchi yao" kwa kundi moja, na "walikamatwa na kufungwa kamba" kwa kundi jingine, atatofautisha bila kuhutubiwa.

Kuhusu utaratibu, mwalimu, msiige ya jeshi. Kule uwanjani mzinga hupigwa kufungua dakika ya ukimya na mwingine kuifunga, na wapiga tarumbeta wamefundishwa kwa miaka. Filimbi ya michezo mahali pa tarumbeta itawafanya watoto wacheke, na hawatakuwa na kosa. Shule ina kengele. Igongwe mara moja, watu wanyamaze, igongwe tena, basi. Mikuki na mashoka waachieni wenye dhamana ya kuviweka kwenye mnara wa taifa. Bendera ipandishwe kama kila siku. Wazee wapewe viti, na kivuli, kwa kuwa wengi wetu tulioko hai tumepita miaka sitini na tano na miguu haiwezi tena kusimama paredi nzima. Msomaji asome polepole, ataje jina, kijiji na vita, anyamaze kidogo, ndipo aendelee. Wala watu wasipige makofi. Nimeona mahali fulani wakipiga makofi baada ya majina ya wafu, na niliumia.

Mama Chemchem, hayo ya majina mawili ni kweli kabisa. Kikosini kwetu wako niliowajua kwa namba na jina la kazi tu, na nilipofika kwao baada ya vita kuleta salamu ilinibidi niwaeleze wazee sura ya kijana wao ndipo wajue namzungumzia nani.

Mwalimu_Ipuli (Tabora)

Nawashukuru wote kutoka moyoni. Nimekaa na walimu wenzangu pamoja na wazee wawili wa mtaa, tukasoma majibu yenu neno kwa neno, na tumefikia uamuzi ambao najua hautamridhisha kila mtu.

Majina yatasomwa kwa makundi. Litatangulia la Kagera, kwa kuwa ndilo siku hii inalihusu kwanza, na pamoja nalo waliokufa wakilinda amani nje ya nchi, baada ya kuzungumza na familia zao kama alivyoshauri kijana wa Nzega. Litafuata kundi la KAR wa Vita Kuu ya Pili. Mwisho watasomwa wapagazi, na yule msichana wa kidato cha tatu ndiye atakayelisoma kundi hilo. Kwa wapagazi ambao familia inakumbuka kwamba waliondoka lakini jina limepotea, tutataja kijiji na upande waliokwenda. Mtemi Isike atatajwa mwanzoni kabisa, kabla ya makundi yote, kwa kuwa alikufa akiilinda ardhi hii hii tunayosimama, na hapo hapakuwa na ubishi.

Askari wa jeshi la Wajerumani hatutamsoma paredini. Ulikuwa uamuzi mgumu, kwa kuwa mwanafunzi aliyemleta anampenda babu yake na hana hatia yoyote. Nimezungumza naye na mzazi wake. Tumekubaliana kwamba habari za askari huyo zitaandikwa katika daftari la darasa, zote, alikotoka, alivyoandikishwa na alivyokufa, na tutatenga kipindi kizima kuzungumzia watu waliobeba bunduki za watawala, kwa nini walikubali na nini walitumwa kufanya. Ni habari inayohitaji maelezo, na paredi ya majina haina nafasi ya maelezo hayo. Mzee wa Urambo, utaratibu wako tumeuchukua wote, kengele, viti na kivuli. Dua na sala zitatangulia, Mama Chemchem.

Sasa naomba msaada wa mwisho. Madaftari yetu yana majina mengi ya mjini na ya Urambo, lakini ya Sikonge, Uyui, Kaliua na Igunga ni machache mno. Mwenye jina aniandikie faraghani, ataje jina la jeshini na la nyumbani kama yapo mawili, kijiji alichotoka, vita aliyokwenda, na ni nani katika familia aliyeridhia lisomwe. Nitayapokea mpaka tarehe 20 Julai, kwa sababu baada ya hapo tutayapeleka kwa wazee wayahakiki kabla ya kuandikwa kwenye karatasi ya msomaji.